Kikoba cha Mbeya tunataka kwenda Mnemba kutazama samaki, wengi hatujui kuogelea: tupangeje safari ya boti?

Mwalimu_Uyole

Wakuu habari za jioni. Wa Mbeya wenzangu poleni na baridi.

Sisi ni kikoba cha walimu na wafanyabiashara wadogo huku Uyole, watu kumi na wanne. Kila mwaka tukivunja mzunguko tunagawana, kila mtu anakimbia na zake kwenye mbolea na ada. Mwaka huu akinamama wameshika bango kwamba lazima tutoke. Siyo Matema ya Ziwa Nyasa wala Ziwa Ngozi, huko tumekwisha kwenda. Wanataka Zanzibar, na siyo kuzunguka Darajani kununua viungo tu. Wanataka kupanda boti, wavae ile miwani na bomba la kupumulia, waelee juu ya matumbawe watazame samaki. Mmoja wetu mtoto wake alikwenda na chuo akarudi na video ya kisiwa cha Mnemba, tangu siku hiyo hakuna amani kwenye vikao.

Hali yetu ni hii. Wanaojua kuogelea ni wanne tu, wote wamekulia Kyela. Waliobaki maji yao makubwa ni ya beseni. Wawili wana presha, na mama yetu mkubwa kwenye kundi ana miaka 61 na ndiye mwenye hamu kuliko wote. Tunakwenda Desemba shule zikifungwa, na tumejiwekea shilingi laki nne na nusu kwa kichwa, nauli, kulala na boti humo humo.

Nimeongea na mawakala watatu kwa simu. Wa bei ya chini ni nusu ya wa bei ya juu, na wote wanasema kitu kimoja: "Mnatoka saa mbili asubuhi baada ya chai, saa saba mmerudi." Sasa tofauti ya bei inatoka wapi? Mnemba ndiyo sehemu ya watu kama sisi au kuna kwingine? Na hawa wasiojua kuogelea wanaingiaje kwenye maji ya kina?

Naomba kuwasilisha.

MzeeWaKitonga

Mtu wa Uyole na bahari wapi na wapi mwalimu. Laki nne na nusu mara kumi na nne ni shilingi milioni sita na laki tatu. Hiyo ni mbegu ya viazi ya eneo la maana kabisa. Halafu mmesahau MV Bukoba 1996, mmesahau Spice Islander 2011. Kaeni nchi kavu.

Binti_Kyela

Mzee shikamoo, ila hapo unachanganya mambo. Hizo zilikuwa meli za abiria zilizobeba watu kupita kiasi. Boti ya watalii ya watu kumi na tano, mchana, karibu na pwani, kila mtu amevaa jaketi okozi, ni habari nyingine. Hatari ipo lakini siyo hiyo, na ukiiogopa isiyokuwepo utaisahau iliyopo.

Mwalimu, nimefurahi kusikia wanne wa Kyela wamo. Ndaga. Nitarudi jioni kuna kitu nataka kuwashauri kabla hamjafika hata Dar.

Kamwene_Kihesa

Kamwene mwalimu. Mimi ningewapeleka Mafia. Zanzibar kila mtu anakwenda, Mnemba Desemba boti zinapangana kama bajaji za Kabwe. Mafia ndiko kwenye hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995, matumbawe ya Ghuba ya Chole yametulia, boti inatoka Utende pale pale. Na kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi potwe wapo upande wa Kilindoni, yule papa mkubwa mwenye madoa ambaye hali watu, anachuja vijidudu tu. Kuelea karibu na kiumbe mrefu kuliko daladala siyo mchezo. Mtanzania kiingilio cha hifadhi analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho.

Mwalimu_Uyole

Kamwene kaka. Mafia tuliijadili. Shida ni njia: kivuko cha Nyamisati kinataka ushuke mpaka Kibiti huko kwanza, na ndege kwa watu kumi na wanne bajeti inakufa. Halafu potwe nasikia boti inamfuata kwenye maji ya wazi, mnaruka haraka haraka. Mama wa miaka 61 hawezi kuruka haraka. Tuiweke Mafia kiporo.

Mtumbatu_Mafinga

Yakhe, asalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Tumbatu, nipo Mafinga kwa biashara ya mbao, siku hizi nanusa misonobari tu. Kabla ya mbao nilikuwa kwenye boti za wageni, Nungwi na Matemwe, kwanza baharia kisha nahodha. Basi nitasema kwa urefu, mtanivumilia.

Mawakala watatu wote wamekwambia saa mbili. Kuna hata mmoja aliyekuuliza tarehe? Kama hakuna, basi hakuna aliyefikiria maji, na maji ndiyo yanayopanga safari. Chai itasubiri.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake inasogea mbele kama dakika hamsini. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanapanda na kushuka sana, tofauti inaweza kukaribia mita nne. Kule Unguja, siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Sasa piga hesabu mwenyewe. Umetoka Matemwe, pwani inayotazamana na Mnemba, saa mbili, maji yanakimbia kwenda nje. Ukifika mwambani mkondo unavuta, hata mwenye mapezi anachoka. Saa nne pwani yote imekauka. Mkirudi boti inakaa nje huko, mnashuka mnatembea juu ya mawe na mwani, na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wako chini ya nyayo. Kijana anayejua kuogelea bado atafurahi. Mama yenu wa 61 hapana.

Maji mafu ni kinyume chake. Mwezi ukiwa nusu, kwa hesabu yetu siku ya nane au ya tisa hivi tangu mwezi kuandama, na tena ya ishirini na mbili au ya ishirini na tatu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo, karibu mita moja tu. Mkondo unalegea. Na siku hizo maji yanajaa asubuhi, hapo hapo saa nne. Mkiingia majini saa tatu na nusu mpaka saa nne na nusu mnakuta maji safi yaliyoingia kutoka bahari kuu, yametulia kabla hayajageuka kurudi. Kwa kundi la wasiojua kuogelea mimi nisingechagua siku nyingine yoyote. Kwa hiyo mwalimu, usianze na wakala. Anza na kalenda yenye mwezi, tafuta nusu mwezi ya Desemba, panga basi na meli kurudi nyuma kutoka siku hiyo.

Upepo nao. Kusi ndiyo mbaya kwa pwani ya mashariki, Juni mpaka Agosti hivi, ninyi mmeikwepa. Desemba kaskazi inaanza, ni nyepesi kuliko kusi, lakini Mnemba ipo kaskazini mashariki kabisa, ikivuma inaipiga usoni. Mara nyingi asubuhi panatulia, mchana panachafuka. Weka siku moja ya akiba. Na mwambie wakala mapema: kaskazi ikikaza, tunahamia upande wa magharibi, Fumba kwenye Ghuba ya Menai au Changuu. Wakala anayekubali kuhama ni mtu mzima. Anayesema "hali ya hewa ya kwetu nzuri siku zote" ni papasi, dalali wa mtaani tu.

Mwalimu_Uyole

Mtumbatu ahsante sana, hii ndiyo sababu nilileta uzi hapa. Nimefungua kalenda sasa hivi, tarehe tuliyopendekeza kikaoni imeangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu! Tunasogeza wiki moja mbele, likizo bado inaruhusu.

Swali: kwenye picha Mnemba ina mchanga mweupe sana. Tunashuka pale kupumzika na kula?

Mtumbatu_Mafinga

Hamshuki. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli ya binafsi, mgeni wa boti haruhusiwi kukanyaga. Mnabaki kwenye maji yaliyokizunguka, ambayo ni eneo la hifadhi tangu 2002 na lina kiingilio chake. Chakula mnakula ndani ya boti, au mnarudi pwani, au mnasimama kwenye fungu la mchanga kama maji yameliacha. Wakala akikuahidi "chakula cha mchana kisiwani Mnemba" kata simu.

Na hapo kwenye kiingilio ndipo nusu ya tofauti ya bei inapojificha. Wa bei rahisi anakutajia boti tu. Ukifika ufukweni unaambiwa kiingilio ni juu yako, miwani ya kukodi ni juu yako, gari la kutoka Mjini mpaka Matemwe ni juu yako. Nusu nyingine ni waongozaji. Yeye ana nahodha na kijana mmoja wa kushika nanga, na huyo kijana ndiye "mwongozaji wa majini". Kwa watu kumi, wote hawajui kuogelea.

Bodaboda_Mwambene

Kwani mwongozaji anafanya nini si unaangalia samaki mwenyewe 😂

Mtumbatu_Mafinga

Mwongozaji mzuri anaingia majini kabla yako na boya la duara lenye kamba. Wasiojua kuogelea wanashika boya, wanne hivi, watano ni wengi, wanalaza uso kwenye maji, na yeye anawavuta taratibu juu ya mwamba akiwaonyesha: kitatange hao, pono anatafuna matumbawe (unamsikia kabisa, krr krr), kasa akiwepo. Akiona mmoja anahema vibaya anamgeuza chali na kumrudisha kwenye boti bila kelele. Wewe Bodaboda utaangalia samaki mwenyewe, ni sawa, lakini mkondo ukikuchukua nani atakuona?

Kundi la mwalimu linahitaji waongozaji watatu majini, mbali na nahodha. Au boti iwe moja na muingie kwa zamu mbili, nusu majini nusu wanakula embe. Zamu mbili ni bora, na gharama haipandi.

Jambo jingine watu hawaulizi: NGAZI. Kushuka kutoka kwenye dau ni rahisi, mtu anajiachia. Kupanda ndiyo kazi. Boti isiyo na ngazi mnapandishwa kwa kuvutwa makwapa, tumbo linakwaruza ubavu wa boti, nguo zinabaki nyuma, na mtu mzima anatoka na aibu pamoja na michubuko. Ngazi iwe ndefu, vidaraja viwili viwe ndani ya maji. Ya kamba haifai kwa wenye umri, inakimbilia chini ya boti ukiikanyaga.

Mama_Lishe_Mwanjelwa

Mimi ni mmoja wa hao kumi na wanne, nimeona nijiunge. Swali langu msicheke. Wigi linakaa?

Bodaboda_Mwambene

Litakaa Mnemba, wewe utarudi Mbeya

Binti_Kyela

😂😂 Dada, acha hoteli. Suka twende kilioni siku moja kabla ya safari, basi. Ile miwani lazima ishike ngozi pande zote, nywele zikipita chini ya mpira hata unywele mchache maji yanaingia. Wa mitandio wavae ule wa kuogelea unaobana, na miwani ikae moja kwa moja usoni, siyo juu ya kitambaa. Wanaume wenye masharubu nao wajue yatavujisha kidogo, wapake mafuta mazito kwenye mdomo wa juu.

Kupima miwani ni rahisi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni yako. Ikidondoka omba nyingine. Fanyeni hilo ufukweni kabla boti haijaondoka, kila mtu na yake, msikubali kurushiwa kapu mkiwa njiani. Ukungu ndani ya kioo unaondoka kwa mate, temea, sugua, suuza kidogo. Akinamama wa Uyole wataona kinyaa lakini watazoea.

Sasa ushauri wangu niliosema. Msiende kujifunzia Mnemba. Njooni Matema wikiendi moja kabla ya Desemba. Najua mmeshafika, lakini mlikuja kula samaki na kupiga picha. Safari hii mnaingia majini mpaka kiunoni, mnavaa miwani na bomba, mnainama. Kinachowashinda watu wa milimani siyo kuogelea, ni kukubali kupumua kwa mdomo huku uso uko majini. Kichwa kinakataa. Mtu anavuta pumzi fupi fupi, anashtuka, anasimama. Anarudia. Baada ya nusu saa anatulia, na akitulia kazi imekwisha, kwa sababu kinachobaki ni kuelea na jaketi litafanya hilo. Upande wa mawe kuelekea Ikombe maji ni maangavu na kuna wale samaki wadogo wa bluu na wa njano wa Ziwa Nyasa, wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Mazoezi yana faida yake hapo hapo.

Na chumvi itawasaidia. Bahari inakubeba zaidi ya ziwa, anayeelea Matema ataelea Mnemba kwa raha.

Nesi_Ipogolo

Naunga mkono mazoezi, ila Binti_Kyela usiwaache bila kusema mengine. Ziwa Nyasa kuna kichocho. Msikae kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, tumieni sehemu ya mawe na mchanga yenye mawimbi, mkitoka jikausheni haraka, na wiki kadhaa baadaye nendeni mkapime. Dawa ipo na ni rahisi. Midomo ya mito muikwepe kabisa kwa sababu ya mamba, waulizeni wenyeji.

Kwa wenye presha: dawa hairukwi siku ya safari. Watu wana tabia ya kuacha vidonge wakienda matembezi, hasa vile vya kukojoza, wanaogopa watasumbuka njiani. Mwambieni daktari wenu kabla, na mwambieni mwongozaji asubuhi hiyo bila kuona haya. Wao waingie zamu ya kwanza wakiwa hawajachoka, washike boya, wasifuate mtu anayekwenda mbio. Dalili ya kutoka majini ni kuhema kusikotulia, kifua kubana, kizunguzungu. Hapo hamna kujikaza. Ile miwani inayofunika uso mzima mimi siipendi kwa watu hawa, hewa chafu inaweza kubaki ndani, na ukitapika au ukishikwa na hofu kuivua kunachelewa.

Pombe hakuna kabla ya maji. Kabisa.

Jingine ambalo sisi wa nyanda za juu hatulijui: jua. Ukielea ukitazama chini, mgongo, shingo na nyuma ya mapaja vinaungua na husikii kwa sababu maji yanapoza. Rangi nyeusi inaungua pia, msidanganyane. Vaeni fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Mtaokoa ngozi, heshima ya kijijini, na fedha za mafuta. Mafuta ya jua yakibidi yawe yale ya madini ya zinki, mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Mchimbaji_Chunya

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Mimi nipo kwenye kundi jingine, nataka kuzama na mtungi kabisa siyo kuelea. Siku hiyo hiyo naweza kurudi?

Nesi_Ipogolo

Hauko nje ya mada, kwa watu wa huku hili ni muhimu kuliko kwa mtu wa Tanga. Ukizama na mtungi, naitrojeni inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili kwa sababu ya shinikizo la maji. Inatoka taratibu kwa saa nyingi. Ukipanda haraka mahali penye hewa nyepesi inaweza kutoka kwa mapovu, na hayo mapovu yanaumiza viungo, mishipa, hata uti wa mgongo. Watu wanakumbuka ndege tu. Lakini basi la Mbeya nalo linapanda! Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, halafu Mbeya yenyewe iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukizama mara moja subiri angalau saa 12, ukizama mara kadhaa angalau 18, mimi ningekwambia lala siku nzima Dar ule kuku. Wanaoelea na bomba hawana tatizo hili, wanavuta hewa ya kawaida.

Mchimbaji_Chunya

Duh. Nilikuwa na tiketi ya basi la usiku. Nakwenda kubadilisha.

Kamwene_Kihesa

Huyu nesi apewe soda.

Kuhusu njia, mwalimu: basi mpaka Magufuli pale Mbezi, mlale Dar, asubuhi meli, mwendo wa kama saa mbili hivi mko Unguja. Msipande meli siku ile ile mliyoshuka basi, mtafika mmechoka na mtatapika njia nzima. Kuna wanaoshuka Morogoro wakamalizia na treni ya mwendokasi mpaka Dar, raha tupu, ila kwa watu kumi na wanne na mabegi tiketi zikatwe mapema. TAZARA nayo ni safari tamu kwa asiye na haraka. Wote mbebe vitambulisho, nauli ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni.

Mwenye kichefuchefu ameze kidonge kabla ya kupanda, siyo baada ya wimbi la kwanza. Akae nyuma katikati, atazame mbali, simu aiweke mfukoni.

MzeeWaKitonga

Haya nimesoma yote. Swali moja la kweli: wanasema watu wanabeba mkate kuwapa samaki wakusanyike. Si ndiyo mtawaona vizuri?

Mtumbatu_Mafinga

Mzee wangu shikamoo. Wanabeba, na mabaharia wengine wanauza kabisa huo mkate. Mimi siupendi. Wanakuja samaki wa aina moja, wale wa mistari wenye fujo, wanang'ata vidole, na wengine wote wanajificha. Pono kazi yake ni kukwangua majani kwenye matumbawe, akishiba mkate mwamba unaota ukijani. Ukitulia dakika tano bila kupiga miguu utaona zaidi.

Hiyo ya kutokupiga miguu ndiyo ngumu kwa mgeni. Mtu akishtuka anatafuta pa kusimama, na pa kusimama ni matumbawe. Yanakatika kirahisi na kuota tena kunachukua miaka, na yeye mwenyewe anakatika mguu, kidonda cha matumbawe hakiponi upesi. Ndiyo maana nasisitiza boya na jaketi, mtu ana kitu cha kushika mbali na mwamba. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, naye asitolewe nje kwa ajili ya picha, hewani hadumu. Na nahodha afunge boti kwenye boya lililowekwa kwa kazi hiyo. Akitupa nanga juu ya mwamba muulizeni kwa sauti, mbele ya watu wote, ataona haya.

Pomboo je? Mtawaona labda njiani. Mwambieni nahodha mapema hamtaki kuwakimbiza. Nimeona boti zaidi ya kumi zimezunguka pomboo wachache, injini zinanguruma, wageni wanarushwa majini mbele yao kama vyambo. Sikuipenda hata nilipokuwa nalipwa kwa hiyo kazi.

Mama_Lishe_Mwanjelwa

Kaka Mtumbatu na malipo ya awali? Kuna jirani yangu alituma pesa yote kwa wakala mmoja, jina naliacha, alipofika bandarini simu haipatikani.

Mtumbatu_Mafinga

Usitume yote. Theluthi moja inatosha kushika boti, inayobaki ufukweni baada ya kuona boti, jaketi kumi na nne na ngazi. Muombe leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, akutumie picha, jina la leseni lilingane na jina linalotokea ukituma pesa. Kama jina la kampuni ni moja na pesa inaingia kwa mtu mwingine, uliza kwa nini. Kiingilio cha hifadhi kina risiti yake, ipokeeni ninyi.

Na muandikiane kwa maneno machache kwenye WhatsApp: siku gani, kuingia majini saa ngapi, waongozaji wangapi, upepo ukichafuka tunahamia wapi au pesa inarudi vipi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, hakuna kubishana, hamtoki.

Mwalimu_Uyole

Wakuu, mrejesho. Kikao kimekaa jana, nimesoma uzi wote kwa sauti, sehemu ya ngazi ikapigiwa makofi.

Tumekubaliana hivi. Matema kwanza, wikiendi ya mwisho wa Oktoba, Binti_Kyela tutakusumbua. Desemba tunaondoka Mbeya siku tatu kabla ya siku ya maji mafu: siku ya kwanza basi, tunalala Dar kwa ndugu. Siku ya pili meli, na kutoka bandarini gari moja kwa moja mpaka Matemwe, hatulali Mjini. Siku ya tatu ni ufukweni tu, kila mtu anapima miwani na kuelea kwenye maji ya kiuno. Siku ya nne bahari, majini saa tatu na nusu, zamu mbili, wenye presha na mama yetu zamu ya kwanza. Siku ya tano akiba ya upepo. Tusipoihitaji ndiyo Darajani. Bajeti imebana kwa sababu ya ile siku ya akiba, mtu mmoja alitaka tuifute, akinamama wakamzomea.

Mawakala nimewapigia upya wote watatu. Wa bei ya chini nilipomuuliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo alisema "bahari haina saa, mkuu". Wa bei ya juu alijibu vizuri lakini hataki zamu mbili. Wa katikati alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?" Akasema saa nne na robo hivi, na kwamba angenishauri tutoke saa tatu kasoro badala ya saa mbili. Waongozaji watatu ameongeza pesa kidogo, kiingilio kimo, miwani imo, kuhamia Fumba upepo ukichafuka amekubali kwa maandishi.

Mtumbatu_Mafinga

Huyo wa katikati. Ngazi?

Mwalimu_Uyole

Ametuma picha. Ya chuma, vidaraja vitano, inaning'inia ubavuni. Viwili vinaingia majini.

Mtumbatu_Mafinga

Mwambie aifunge tambara kwenye kidaraja cha chini, chuma kikilowa kinateleza. Halafu mtumie theluthi yake.

Nesi_Ipogolo

Na mama wa 61 apime presha wiki hii, siyo wiki ya safari. Kama dozi itabadilishwa apate muda wa kuizoea.

Mama_Lishe_Mwanjelwa

Nampeleka mimi kesho asubuhi, nikitoka sokoni.